Shimo la Kitaalamu

Gregori Semboja alipata uafisa akiwa Segera, kwenye benchi la muuza chai, kati ya chapati ya kwanza na ya pili. Hakusailiwa, hakuapishwa, wala hakuandikiwa barua. Alisikia tu wanaume wawili waliovaa mabuti ya kazini wakizungumza meza ya jirani, na kabla chai yake haijapoa alikuwa ameshajiteua.

Wanaume wale walikuwa wa machimbo ya kokoto kule Misima, wilayani Handeni. Mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba kampuni imeomba kupanuliwa leseni, na kwamba eneo linalopendekezwa kuongezwa lazima kwanza likaguliwe. Aliendelea kueleza, lakini Gregori hakuyasikia yaliyofuata. Alikuwa ameshanyanyuka kutafuta usafiri wa kumrudisha Korogwe. Hiyo ndiyo tabia yake tangu ujana: neno likishamfaa, hasubiri sentensi iishe.

Tuseme ukweli, hakuona haja ya kusikia zaidi. Kila mtu anajua mambo yanavyokwenda ardhi inapotaka kuchukuliwa. Wakaguzi hawajafika, watu wameshaanza kutegesha. Na kutegesha ni kazi ngumu kuliko kulima. Mtu ambaye maisha yake yote hajapanda hata mpapai anaamka alfajiri kupanda shamba zima la matunda, ili mthamini akija aikute miti imesimama na mwenye miti alipwe fidia. Wengine hujenga nyumba kwa haraka, wakaweka mlango na komeo, wakasahau ukuta wa nyuma.

Gregori alikuwa na miti. Nyuma ya nyumba yake pale Manundu, Korogwe, kulikuwa na mamia ya miche ya michungwa ya kubebesha, ile inayounganishwa ili izae mapema, imepangwa kwenye viriba vyake, na haijapata mnunuzi tangu mvua zilizopita. Aliinunua kwa mtu aliyemhakikishia kwamba kuna mradi unakuja kuchukua miche yote ya wilaya. Mradi haukuja, na aliyemhakikishia akahama. Kibaya zaidi, alichouza ili kuipata miche hiyo kilikuwa ng'ombe wa maziwa wa mkewe Fausta, mweusi mwenye kipaji cheupe, aliyeuzwa wakati mwenyewe amekwenda Soni kumtunza dada yake aliyejifungua.

Fausta aliporudi hakupiga kelele. Alikwenda bandani, akatazama, akarudi, akasema, "Baba Shukuru, siku ng'ombe wangu atakaporudi ndani ya banda, na wewe utarudi ndani ya chumba."

Tangu hapo Gregori alilala kwenye kochi la sebuleni na kunywa chai ya rangi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kama mgeni ambaye siku zake za kuaga zimepita na hakuna anayetaka kumwambia.

Kwa hiyo jioni ile alirudi na mpango, akamweleza mkewe nusu yake. Yeye angekwenda Misima kwa shughuli fulani. Fausta angebeba baadhi ya miche hadi Segera, aipange kando ya barabara chini ya turubai, na kungoja wateja kutoka Misima. Wangekuja wengi. Na mtu akiuliza, yeye na Gregori hawafahamiani.

"Hilo la mwisho halitanipa shida," Fausta alisema.

Alikubali upesi hivyo. Mtu mwenye kichwa kilichotulia angejiuliza kwa nini, lakini Gregori alikuwa ameshatoka kutafuta kofia.

Kofia ngumu aliipata kwa fundi ujenzi. Kizibao cha njano chenye mistari ya kung'aa alikiazima kwa Sharifu, jirani yake mwenye kirikuu cha kubeba mizigo. Futi kamba ya wapima ardhi hakuwa nayo, akafungua kamba ya mkewe ya kuanikia nguo. Ilikuwa kamba ya bluu, iliyowahi kukatika katikati ikaungwa kwa kipande cha khanga nyekundu. Akaipiga mafundo kwa umbali uliompendeza. Simu yake ya zamani, ambayo kioo chake kilikuwa kimekufa, ikawa chombo cha kuongea na setilaiti. Akajitazama kwenye kioo cha kabati, akajisalimia kwa heshima.

Huko Misima mtu wa kwanza kumpokea alikuwa Mhina, mwenyekiti wa kitongoji kinachopakana na machimbo. Mhina alikuwa mpenda maendeleo, hasa yale yanayopita karibu na kwake. Hakuuliza kitambulisho. Aliuliza mpaka utapita wapi. Alipoambiwa kwamba hilo ni suala la kitaalamu, aliagiza kuku akamatwe.

Vipande vya pembeni vya eneo lenyewe vilikuwa vya majirani, lakini sehemu kubwa ilikuwa shamba la mjane aitwaye bibi Grasiana. Lilianzia ukingoni mwa machimbo, likateremka taratibu hadi kwenye chemchemi ndogo bondeni. Lilikuwa limekaa pori tangu mumewe afariki. Juu kulikuwa na majani, chini udongo mwekundu, na chini ya udongo mwekundu kokoto kwa wingi.

"Shikamoo bibi," Gregori alisema, akivua kofia.

"Marahaba, baba. Karibu. Unatafuta nini na kamba?"

"Ni ukaguzi, bibi. Eneo hili limependekezwa kuongezwa kwenye leseni ya machimbo. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema."

Bibi Grasiana aliitazama ile kamba. Aliifuata kwa macho mpaka kwenye kipande cha khanga, akakaa hapo kidogo, kisha akasema sawa, serikali ikague. Gregori alidhani ameingiwa na hofu ya dola. Akaivuta kamba huku na huku, akainua simu juu, akatikisa kichwa, akainua tena.

Hapa ni vizuri tukamtendea haki. Tapeli mchanga huomba. Gregori alikuwa amekomaa, kwa hiyo yeye alikataa. Alikataa soda, akakataa mayai ya kubeba, akakataa hata kuketi, na kila alichokataa kilimpandisha cheo. Kuku tu ndiye ambaye hakumkataa, kwa sababu alikuwa ameshachinjwa. Wakati wa kula, Mhina alisogeza kigoda.

"Mtaalamu, tuseme mtu ana miti ya matunda humo ndani. Inakuwaje?"

"Mwenyekiti, swali hilo siwezi kulijibu. Nikikwambia kwamba kila mti wa matunda unalipiwa peke yake, nitafukuzwa kazi. Kwa hiyo sijakwambia."

"Hujaniambia," Mhina alikubali.

"Na nikikwambia kwamba hata mche wa juzi, mradi umesimama, nao ni mti, hapo ndiyo kabisa."

"Mimi sijasikia kitu."

"Wala sijui lolote kuhusu mama anayeuza michungwa ya kubebesha pale Segera, chini ya turubai la kijani."

Mhina alirudia kwamba hajasikia kitu, akatoka kwenda kukisambaza katika kitongoji kizima.

Bibi Grasiana aliuliza jambo moja tu, wakati wa kuagana. Hiyo fidia ni ya hakika?

"Bibi, ni ya hakika kama jua hilo," Gregori alisema, akionyesha juu. Siku ile kulikuwa na mawingu, lakini hakuna aliyeona vema kumsahihisha afisa.

Watu wa Misima walikwenda Segera kweli. Walikwenda kwa makundi, wakaishika miche, wakakwaruza magome kwa kucha, wakauliza aina, wakauliza umri, wakarudi kwao mikono mitupu. Kila jioni Fausta alirudisha viriba vyote alivyoondoka navyo, na siku ambazo hapakuwa na ukaguzi alirudi pia na kamba ya bluu iliyokuwa imefunga turubai, akamrudishia mumewe kwa ajili ya ukaguzi wa kesho.

"Hawanunui?"

"Wanasema watalipa fidia ikitoka. Mmoja amejitolea kunipa robo ya fidia yake. Wanaongea kama watu ambao hela iko mfukoni tayari."

Gregori alikuna kichwa. Hili hakuwa amelitegemea. Majani ya miche mingine yalikuwa yameanza kuwa manjano, na mizizi ilishatoboa viriba inatafuta pa kwenda. Wiki chache tena kingebaki kitalu cha kuni.

"Alikuja pia bibi mmoja," Fausta aliongeza. "Alikaa sana. Tukanywa chai."

"Alinunua?"

"Tulizungumza tu."

"Mlizungumza nini?"

"Ya akina mama," Fausta alisema, akaenda kuchambua mchele.

Siku iliyofuata Mhina alimwita mtaalamu kwenye kikao nyumbani kwa bibi Grasiana. Wakazi walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mhina alisimama akaeleza msimamo wao. Wananchi wanaitaka miche, na wanataka ipandwe kabla ya siku ya mthamini. Ila hawaoni sababu ya kutoa kitu sasa. Kama fidia ni ya hakika kama jua, huyo mama wa Segera ana haraka gani?

Gregori alilipima jibu pande zote mbili. Akisema mama yule asubiri, miche inaondoka bure. Akisema asisubiri, inakuwa yeye mwenyewe haiamini fidia. Ni mara chache tapeli hukutana na watu wanaomwamini kiasi kile. Walikuwa wamemwamini hadi wamemfunga mikono.

Bibi Grasiana ndiye aliyemwokoa, au ndivyo ilivyoonekana.

"Mimi fedha sina," alisema. "Nina mtamba. Njooni mumwone."

Wakaenda zizini. Alikuwa mtamba wa kahawia, ngozi inang'aa, macho makubwa, mimba ya kwanza imeshaanza kuonekana. Gregori alimtazama, akamwona amesimama bandani pale Manundu. Akaliona kochi limerudia kazi yake ya kukaliwa na wageni. Akaona chai ya maziwa.

"Namtoa huyu kwa miche yote," bibi Grasiana alisema mbele ya kikao. "Itapandwa shambani kwangu. Siku mche wa mwisho ukiingia ardhini, mwenye miche akabidhiwe ng'ombe wake. Mwenyekiti na watu wake wanisaidie kwa msaragambo, tuchimbe wote kwa pamoja, na mimi fidia yangu ikitoka sitawasahau."

Mhina alipiga hesabu kichwani na uso wake ukapata nuru. Msaragambo wa siku chache kwa mgawo wa fidia ya shamba zima. Alikubali kwa niaba ya kitongoji bila kukiuliza kitongoji.

"Ila nina sharti," bibi aliendelea. "Mtaalamu asimamie mwenyewe tangu shimo la kwanza. Sitaki tupande kienyeji, halafu mthamini aje aseme haya si mashimo."

Gregori alikubali kwa niaba ya mama wa Segera, akidai sasa kwamba anamfahamu kwa mbali. Alipompa Fausta habari jioni ile, Fausta alisema ni biashara nzuri, akamwekea nguo kuukuu kwenye mfuko. Gregori hata hakuiona maana ya nguo kuukuu. Alijua msimamizi huvaa safi.

Kazi ilianza asubuhi, na swali likawa la kwanza kuamka. Shimo la kitaalamu likoje?

Gregori alijibu kwa ufasaha mkubwa. Upana futi mbili kila upande, kina vilevile. Udongo wa juu unawekwa kando, unachanganywa na samadi, ndio unaorudi kwanza. Kuta zisimame wima. Haya aliyasikia kwa yule aliyemuuzia miche, na yalikuwa ndiyo maneno pekee ya kweli mtu yule aliyowahi kusema.

"Tuonyeshe moja," bibi Grasiana alisema, na mtu akampa sururu.

Mhina akasema vizuri, watu wajifunze. Watu wakasimama duara wajifunze. Gregori alivua kizibao, akapiga sururu ya kwanza, na sururu ikaruka juu ikimwambia kwa nini kampuni ilifungua machimbo pale na si mahali pengine. Akaomba mtaimbo. Akachimba mpaka jasho likajaa ndani ya kofia. Shimo lilipokwisha, watu walilisifu kwa dhati.

"Hawa wa upande wa chini hawakuona," bibi alisema. "Waonyeshe na wao."

Akawaonyesha na wao. Mchana wakaja wengine waliokuwa sokoni, nao ilikuwa dhuluma wasione. Kesho yake kukawa na ubishi kama kuta za shimo kwenye mteremko zinasimama wima au zinafuata mteremko, na ubishi wa namna ile huwezi kuumaliza kwa mdomo. Bibi Grasiana aliiomba ile kamba ya bluu, akawa anapima kila shimo kwa mafundo yake. Mashimo ya wakazi yalikuwa mapana hapa, membamba pale. Ya mtaalamu yalikuwa sawasawa, na kwa sababu hiyo mistari iliyobaki ya karibu na njia, ambayo mthamini angeiona kwanza, ikaachiwa yeye.

Angeweza kukataa. Aliwaza kukataa kila alipotazama viganja vyake, vilivyokuwa vimetoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Lakini afisa gani anashindwa kuchimba shimo alilolieleza mwenyewe? Halafu zizi lilikuwa linaonekana kutoka shambani. Kila alipoinua kichwa, mtamba alikuwa pale anatafuna, na Gregori alirudi shimoni na nguvu mpya.

Asubuhi ya mwisho Sharifu alileta miche iliyobaki kwa kirikuu. Gregori aliona kwamba leo kirikuu kimefungwa kingo za mbao pande zote, zile za kubebea mifugo. Sharifu alimpungia mkono, akasema ana mzigo wa mtu wa kurudi nao. Gregori naye alikuwa na mstari mzima mbele yake. Hakuuliza.

Mche wa mwisho uliingia ardhini jua likiwa limeshainama. Mhina alitoa hotuba kuhusu umoja. Watu walipiga makofi. Gregori alinawa, akavaa kizibao, akaweka kofia, akatembea kwa hatua za mtu asiye na haraka hadi zizini.

Zizi lilikuwa tupu.

Bibi Grasiana alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mlango wa zizi, anakunja kamba ya bluu.

"Bibi, mtamba yuko wapi?"

"Mwenye miche amekuja kumchukua, kama tulivyosema kikaoni. Mama wa Segera. Ametulia yule mwanamke. Wameondoka na kirikuu wakati wewe uko shimoni."

"Lakini bibi, aliyepaswa kukabidhiwa ni mimi..."

"Wewe si afisa, baba?" Bibi alimtazama kwa upole kabisa. "Afisa wa ukaguzi anapewaje ng'ombe na mwenye shamba? Hiyo si rushwa?"

Gregori aligeuka. Mhina alikuwa amesimama nyuma yake na nusu ya kitongoji, wamekuja kumsindikiza mtaalamu. Wote walikuwa wanasikiliza.

"Mtaalamu," Mhina aliuliza, "ulikuwa unasema wewe ndiye nani?"

Ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema kwamba yeye ndiye mwenye miche, kwamba mama wa Segera ni mkewe, kwamba kofia ni ya fundi na kizibao ni cha dereva. Aliitazama mikono ya wale watu, yenye sururu na mitaimbo, imezoea kokoto kuliko yake.

"Mimi ndiye nitakayeandika taarifa," Gregori alisema.

"Ahsante sana," Mhina alisema. "Usitusahau."

Bibi Grasiana ndiye aliyemtoa hadi njiani. Walipofika mbali na masikio ya watu alimkabidhi kamba.

"Wakaguzi wenyewe walikuja kabla yako, baba, siku mwenyekiti amesafiri. Walikuja na gari na vyombo, hawakuja na kamba ya kuanikia nguo. Wakaiona ile chemchemi, wakasema hapa hapatachimbwa, wataongeza upande wa pili wa mlima. Uji walikunywa kwangu."

Gregori akawakumbuka wale wanaume wawili wa Segera, na ile sentensi ambayo hakuisubiri iishe.

"Sasa mbona hukusema, bibi?"

"Hukuniuliza. Uliniambia huruhusiwi kusema, nikadhani na mimi siruhusiwi. Halafu nilikuwa naitaka michungwa. Nikaenda Segera kuiangalia, nikaikuta imefunikwa na turubai, na turubai limefungwa kwa kamba yenye kipande cha khanga nyekundu. Nikamuuliza yule mama, hii kamba wanaume wangapi wanaitumia? Akanicheka sana, akanihadithia habari za ng'ombe wake. Tukapatana mtamba hapo hapo."

"Kama mlishapatana, kikao kilikuwa cha nini? Mashimo yalikuwa ya nini?"

"Mwenyekiti asingenichimbia bure. Na mkeo aliweka sharti lake," bibi Grasiana alisema. "Mume wake achimbe. Alisema kukosa usingizi kwenye kochi hakujakutosha. Haya, baba, nenda salama. Wasalimie nyumbani."

Alifika Manundu usiku umeshaingia. Mtamba alikuwa bandani, ana majani mbele yake na ndoo ya maji pembeni. Fausta alikuwa jikoni. Alimtazama mumewe, akaitazama mikono yake, akapasha maji na kuweka chumvi.

"Ng'ombe amerudi bandani," Gregori alisema, viganja vyake vikiwa ndani ya beseni.

"Wangu alikuwa mweusi, mwenye kipaji."

"Mama Shukuru."

"Huyu ni wa miche. Akizaa na kukamuliwa, tutazungumza." Akamsogezea kikombe. Ilikuwa chai ya rangi. "Lakini kochi nimeliwekea godoro dogo juu. Umefanya kazi."

Siku chache baadaye simu ilimkuta mtoni anakata majani ya ng'ombe. Alikuwa Mhina. Gregori alipokea huku akiandaa maelezo marefu kuhusu ucheleweshaji wa fidia, lakini mwenyekiti hakupiga kwa ajili hiyo. Fidia alisema anaielewa, mambo ya serikali hayana haraka, anasubiri. Alipiga kwa sababu watu wa kitongoji cha pili walipita shambani kwa bibi Grasiana, wakaiona mistari ya karibu na njia, na wakaipenda. Wana minazi mifupi ya kupanda. Wanauliza mtaalamu anatoza kiasi gani kwa shimo.

Gregori alisimama pale na panga mkononi. Katika maisha yake yote alikuwa ametafuta watu wa kuwadanganya, na aliwapata. Kazi halali, inayompigia simu yenyewe, ilikuwa haijamtokea, na hakujua inapokelewa vipi.

Alikwenda nyumbani kumwomba mkewe ushauri. Fausta alikuwa uani anaanika mashuka kwenye kamba ya bluu. Alimsikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakijua.

"Nenda," alisema. "Sururu chukua ya Sharifu. Kamba unaiacha."